Mgumu wa Kilimanjaro anavaa nini?

Kuna jambo linanikera siku nyingi, leo nimeona niliweke mezani tulijadili.

Asubuhi yoyote ya msimu, nenda geti la Machame usimame dakika kumi tu. Upande mmoja utaona mgeni kavaa koti lisilopitisha maji, suruali inayokauka haraka, buti za mlimani na glovu mbili mbili. Upande wa pili, kwenye foleni ya mizani, utaona kijana wa Uru au Kibosho kavaa jinzi, raba iliyochoka na fulana ya timu ya Ulaya. Huyo wa pili ndiye anayebeba hema la huyo wa kwanza. Na wote wanakwenda kulala kwenye baridi ileile!

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limeigusa familia yangu. Binamu yangu, dogo wa miaka 20, alipata safari yake ya kwanza kama mgumu. Aliitwa jioni, kesho yake safari. Akabeba alichokuwa nacho: jinzi, fulana mbili za pamba, sweta la baba yake na raba. Siku ya kwanza msituni mvua ikawanyeshea, na kuanzia hapo hakuna kilichokauka. Usiku wa Barafu akaanza kutetemeka hadi maneno hayatoki vizuri. Wenzake ndio walimwokoa: wakamvua zile nguo mbichi, wakamvisha za kwao, wakampa uji wa moto na kumlaza katikati yao. Alirudi nyumbani na vidole vya mguu vina ganzi, ikachukua wiki kadhaa kupona. Alipomweleza bosi wake, aliambiwa kwamba mgumu ni mgumu, asiyeweza akalime.

Sasa tuangalie hesabu ya baridi yenyewe. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, Barafu iko juu ya mita 4,600, kilele ni 5,895. Maana yake ukitoka Moshi hadi Barafu unapoteza zaidi ya nyuzi 20, kabla hujahesabu upepo na kulowa. Usiku ambao Moshi tunajifunika shuka moja, kule juu maji yanaganda kwenye chupa. Sasa mtu unamtumaje huko na jinzi?

MITUMBA NDIYO STOO YETU

Tuseme ukweli. Anayewavalisha wagumu wengi ni mitumba. Kijana akipata safari anakimbilia soko la Memorial kusaka koti. Vivyo hivyo Gikomba, Nairobi, kwa wanaopanda Mlima Kenya. Makoti ya baridi kutoka Ulaya na Marekani yanayoshangaza watu kule Dar ("hili la nini na joto hili?") huku kwetu ndiyo vitendea kazi.

Ndiyo maana kila siasa za mitumba zikiibuka mimi nasikiliza kwa makini. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni taratibu ndani ya miaka mitatu ili kufufua viwanda vyetu. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo hizo kule Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikaja tishio la kunyang'anywa nafuu ya soko la AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mwaka 2020 Kenya ilizuia mitumba kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona. Mwaka 2023 Rais Museveni akatangaza tena kwamba hataki nguo kuukuu Uganda, akisema ni za marehemu.

Mimi sipingi viwanda hata kidogo. Lakini tujiulize, viwanda vipi? Nguo tunazozijua kwa miaka mingi ni khanga, vitenge na mashuka, yaani pamba. Pamba ya Shinyanga na Simiyu ni mali yetu na tujivunie. Tatizo ni kwamba pamba ndiyo nguo mbaya kuliko zote mlimani. Inanyonya maji na jasho, inachelewa kukauka, na ikilowa inakunyonya joto la mwili. Kwa hiyo anayesema tufunge mitumba atuambie pia mgumu atavaa nini kesho yake. Hoja ya viwanda bila jibu la swali hilo, kwa huku kwetu, haijakamilika.

JINSI YA KUCHAGUA BILA KULIWA

Wakati wakubwa wanajadiliana, dogo ana safari Jumatatu. Haya ndiyo ninayowaambia vijana wa mtaani kwetu. Yanamfaa pia mdau anayetaka kwenda Meru au Usambara kwa raha zake. Bei sitaji, maana bei ya mtumba iko mdomoni mwako.

Kwanza, soma lebo kabla hujapenda rangi. Nguo ya kugusa ngozi ikiwa imeandikwa cotton, iache, hata kama ni nzuri vipi. Tafuta polyester, nailoni au sufu. Fulana ya michezo ya polyester, ile ya mazoezi tu, inafaa kuliko fulana nzito ya pamba.

Pili, vaa tabaka tatu. Ya ndani ni ya kupitisha jasho. Ya kati ni ya kutunza joto, yaani sweta la sufu au lile laini la polyester tunaloita flisi. Ya nje ni ya kuzuia upepo na mvua. Nguo tatu nyepesi zinakupa joto kuliko koti moja zito la kutisha, kwa sababu hewa inayobaki katikati ndiyo inayotunza joto. Tena unaweza kupunguza moja ukipata jasho.

Tatu, koti la mvua lipime palepale. Ligeuze uangalie mishono kwa ndani. Koti zuri lina utepe uliobandikwa juu ya mishono. Utepe ukibanduka, au ngozi ya ndani ikimeguka kama magamba, hilo limekufa, achana nalo. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Hewa ikipita kirahisi, upepo wa Barafu nao utapita. Omba maji kidogo umwage juu. Muuzaji akikataa ujue kuna jambo. Halafu fungua na kufunga zipu mara tatu. Kule juu, zipu mbovu ni sawa na kukosa koti.

Nne, na hapa ndipo wengi wanachemsha, ni saizi. Koti la nje lijaribu ukiwa umevaa sweta ndani, si juu ya fulana. Nyoosha mikono juu kama umeshika mzigo kichwani. Tumbo likibaki wazi, ni fupi. Lakini kubwa mno nalo ni hasara: upepo unaingia chini na joto lote linatoka. Buti zijaribu jioni, wakati miguu imevimba, ukiwa na soksi nene. Piga ncha ya buti chini. Vidole vikigonga mbele, siku ya kushuka utapoteza kucha. Kisigino kikicheza, utapata malengelenge. Na zikibana sana damu haitembei, baridi inaanza na vidole. Buti ya mgeni aliyekuachia saizi 46 wakati wewe unavaa 41 ni zawadi ya kuuza, usiipande nayo.

Tano, mfuko wa kulalia. Lebo za Ulaya mara nyingi zina namba mbili au tatu za nyuzi. Usidanganywe na ile ya chini kabisa, hiyo ni ya kunusurika tu. Angalia namba ya starehe. Wa manyoya ya bata ni mwepesi na unakunjika kidogo, ila ukilowa unasinyaa na joto linaisha. Wa polyester ni mzito kidogo lakini unastahimili unyevu, na kwa mgumu anayepita msituni kwenye mvua, ndio ninaoupendekeza. Uushike juu ya mwanga: ukiona sehemu tupu ambako ujazo umehama, baridi itapitia hapo. Usiwe mrefu mno, maana utakuwa unapasha joto nafasi tupu. Chini yake lazima godoro la povu. Ni jepesi kuliko sufuria, na ardhi inanyonya joto la mwili haraka kuliko mnavyofikiri.

Uzito nao ni ishu. Mzigo wa kampuni unapimwa getini usizidi kilo 20, lakini vitu vyako binafsi unaongeza wewe mwenyewe juu ya hapo. Jinzi iliyolowa ni mzigo. Kila ukiacha kitu kizito kisicho na kazi, shingo yako inapumua.

LAKINI TUSIWAACHIE MABOSI

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Kumfundisha dogo kuchagua koti ni vizuri, lakini jukumu si lake peke yake. Tangu mwaka 2003 Moshi kuna mradi wa KPAP unaowaazima wagumu nguo za mlimani bure. Dogo, kama hujui, uliza mjini watakuelekeza, usione aibu. Wale wanafanya kazi nzuri. Ila ni msaada, na kampuni inayolipwa na mgeni kwa dola haipaswi kuegemea msaada ili kumvalisha mfanyakazi wake.

Chukueni mfano tu wa hesabu. Tuseme seti ya koti, suruali ya mvua, flisi na mfuko wa kulalia inagharimu shilingi 150,000 za mitumba mizuri. Ikitumika safari 30, ni shilingi 5,000 kwa safari. Kampuni inayosema haiwezi hiyo, basi biashara yenyewe haiiwezi. Mpishi hanunui sufuria yake, mgeni hanunui hema. Kwa nini mgumu ndiye ajinunulie kinachomweka hai?

Wapo watakaosema wazee wetu walipanda na mablanketi na hawakulalamika. Oktoba 1889 Hans Meyer alipokwenda kufika kileleni, wapagazi wengi aliwaacha chini kwa sababu ya baridi, akabaki kambi ya juu na mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, kumlindia hema. Kwa hiyo hata mkoloni alijua baridi ile haina ugumu wa mtu. Sisi tumesahau?

Pendekezo langu ni dogo. Pale getini tayari kuna mizani na watu wa kupima mzigo. Waongeze dakika moja kwa kila mgumu: onyesha koti la mvua, nguo ya joto, viatu, mfuko wa kulalia. Huna, hupandi, na kampuni ilipe siku yako au ikupe vifaa. Makampuni yatalalamika wiki ya kwanza, ya pili yatakuwa na stoo.

Binamu yangu amerudi mlimani, maana kazi nyingine hana. Safari hii nilikwenda naye Memorial mwenyewe, tukatumia asubuhi nzima tukipuliza makoti mpaka wauzaji wakatucheka. Karudi vidole vyote kumi vizima.

Wadau mliowahi kubeba, na nyie mnaofanya kazi kwenye makampuni, nyoosheni pale nilipokosea. Kampuni zenu zinawapa nini kabla ya geti?

Nawasilisha.