Mzee Corleone Si Mzee Wetu

Kuna ubishi usiokwisha katika mabaraza yetu ya ughaibuni. Siasa za nyumbani zikishazungumzwa, na bei za tiketi za ndege zikishalaaniwa, huibuka mmoja akauliza: filamu ipi ya majambazi ni bora kuliko zote? Hajamaliza kuuliza, wakubwa watatu wanne humjibu kwa pamoja: The Godfather, na mjadala umefungwa. Sisi tunasema haujafungwa. Tunasema, na atakayekasirika akasirike, kwamba Goodfellas ni bora zaidi, na kwamba namna sisi watu wa kuhamia tulivyoipenda The Godfather inasema jambo juu yetu ambalo hatupendi kulitazama.

Tumpe kila mtu haki yake kwanza. Juu ya ufundi hatubishani. Francis Ford Coppola alipoitoa filamu hii mwaka 1972, kutoka katika riwaya ya Mario Puzo ya 1969, alikuwa na jeshi la mabingwa. Gordon Willis alimpiga picha Marlon Brando katika giza ambalo mara nyingi macho yake huyaoni, unaona vivuli viwili tu. Muziki wa Nino Rota unaujua hata mtu ambaye hajawahi kuiona filamu yenyewe. Na pale Al Pacino amekaa mkahawani na Sollozzo na yule kapteni wa polisi, treni inapita kwa kishindo, na wewe unamwona kijana wa watu anageuka muuaji kabla hajaigusa bastola. Filamu ikachukua Oscar ya filamu bora, na Brando akaikataa ya kwake. Yote hayo tunayakubali.

Lakini chungu kikisifiwa, bado kuna haki ya kuuliza kimepikwa nini ndani yake.

Angalieni inavyoanza. Bonasera, mtu ambaye kazi yake ni maziko, anamlilia Don Corleone. Binti yake amepigwa na vijana wawili mpaka ameharibiwa uso. Baba wa watu alikwenda polisi kama raia mwema, kesi ikafika mahakamani, hakimu akatoa hukumu kisha akaisimamisha papo hapo, na vijana wakatoka huru siku hiyo hiyo. Sasa amekuja kutafuta haki kwa mtu wa kwao. Nani kati yetu hajaijua hali hiyo? Aliyepeleka malalamiko yake kituoni akaambiwa ajaze fomu, aliyenyimwa kazi kwa sababu ya jina lake, aliyevunjiwa kioo cha duka mara ya tatu na hakuna aliyekuja hata kutazama: wote hao wamekaa kwenye kiti cha Bonasera. Na Don anamjibuje? Anamlaumu kwamba hakuwahi kumkaribisha kwake hata kwa kikombe cha kahawa. Anataka heshima, anataka kubusiwa mkono, anazungumza taratibu. Hii ni lugha yetu kabisa. Ni mzee anayesuluhisha ugomvi, anayeozesha, anayekumbuka jina la mama yako. Mtu akikwambia kwamba alipomwona Corleone alimkumbuka babu yake, mwamini. Mtego umetegwa hapo hapo.

Maana tuulizane: Mzee Corleone anakula nini? Ile harusi ya bustanini, yale magari, nyumba yenye ukuta na walinzi, fedha yake inatoka wapi? Filamu inakaribia saa tatu, na katika muda wote huo hatuoneshwi hata mara moja mwenye duka akitoa fedha kwa mkono unaotetemeka. Wanaouawa karibu wote ni majambazi wenziwao, au yule polisi mla rushwa. Apollonia anakufa kwa bomu lililotegewa mumewe. Anayetishwa ni mtayarishaji wa filamu mwenye kiburi, na mambo yamepangwa hivi kwamba tunamhurumia farasi wake kuliko yeye. Basi tumepewa mwizi asiyekuwa na aliyeibiwa. Kwa mwizi wa namna hiyo, nani hatapiga makofi?

Watetezi wake wana jibu moja wanalolishika kama hirizi: Don alikataa biashara ya unga. Alikuwa na miiko, wanasema. Ndugu zetu, hebu isikilizeni vizuri ile sehemu. Anapokutana na Sollozzo, Don anamwambia wazi kwamba yeye hajali mtu anapataje riziki yake. Sababu ya kukataa ni kwamba wanasiasa na mahakimu alionao mfukoni watamkimbia wakijua ameingia katika unga. Hapo pamefanywa hesabu za faida na hasara, basi. Anayeziita hesabu hizo miiko, sisi hatumkabidhi daftari la michango.

Na tufike sasa kwenye kile kikao cha wakubwa wa magenge, ambacho wapenzi wa filamu hii wanakipita haraka haraka. Wakubwa wamezunguka meza ndefu, wanatafuta suluhu baada ya Sonny kuuawa. Mmoja wao, Zaluchi, anasimama kutoa rai yake juu ya unga. Anasema hataki uuzwe karibu na shule wala kwa watoto. Katika mji wake yeye ataiweka biashara hiyo kwa watu weusi, kwa kuwa hao, kwa maneno yake, ni wanyama tu, acha wapoteze roho zao. Tumeyafupisha lakini hatukuyatia chumvi. Na mezani hakuna anayeguna. Barzini anahitimisha kwamba basi tumekubaliana: unga utaruhusiwa kwa utaratibu, na Corleone atatoa hifadhi ya wanasiasa wake. Mzee wetu, mwenye heshima zake na sauti yake ya upole, yupo pale. Hapingi. Anamkumbatia Tattaglia, suluhu imepita.

Coppola na Puzo hawakulificha hilo, na tunawapa sifa kwa hilo. Waliofumba macho ni sisi. Filamu ilitoka wakati heroini ilikuwa imekwisha kuwavuruga watu wa Harlem, na mtu mweusi aliyekuwa amekaa sinema mwaka 1972 alielewa vizuri Zaluchi alikuwa anamzungumzia nani. Leo Mswahili wa ughaibuni, ambaye mwanawe akitoka nje ya mlango haulizwi kama ni wa Tanga au wa Mombasa bali anaonekana ni mweusi tu, ananing'iniza picha ya Corleone sebuleni. Tukiuliza kwa nini, tunaambiwa tunaleta siasa katika burudani.

Tena kuna hadithi nyuma ya filamu yenyewe. Neno mafia halimo ndani yake. Mwaka 1970 Joseph Colombo aliunda jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, nayo ikaishinikiza filamu isilitaje neno hilo, na mtayarishaji Albert Ruddy akakubali. Colombo mwenyewe alikuwa mkubwa wa mojawapo ya magenge matano ya New York. Yaani jambazi alivaa joho la heshima ya watu wake wote, akasema mkinigusa mimi mmewatukana wao. Na maelfu wakaandamana naye. (Kwa faida ya vijana waliozaliwa huku: kisiwa chetu cha Mafia hakihusiki hata kidogo. Ila neno umafia tumelichukua, na siku hizi nyumbani hata klabu ikimnyakua mchezaji wa klabu nyingine usiku, magazeti huandika ni umafia, kwa sauti ya kusifu.)

Sasa mgeukieni Martin Scorsese. Goodfellas ilitoka mwaka 1990, kutokana na kitabu cha Nicholas Pileggi cha 1985 kuhusu Henry Hill, mtu aliyekuwapo kweli. Hapa aliyeibiwa ana sura. Mwenye Bamboo Lounge anakwenda kwa Paulie kumlilia kwamba Tommy halipi madeni na anampiga. Ni Bonasera mwingine huyu, amekuja kuomba hifadhi kwa mkubwa. Na anaipata: Paulie anakuwa mbia wake. Tangu siku hiyo, biashara ikiwa mbaya, Paulie alipwe; pametokea moto, Paulie alipwe. Bidhaa zinakopwa kwa jina la mkahawa, zinatokea mlango wa nyuma zikauzwe kwa bei ya chini, na hakuna kilichobaki cha kukopea, mkahawa unatiwa moto. Mambo haya yanakwenda kwa dakika chache tu, lakini kila mwenye duka dogo kati yetu ataelewa kuliko atakavyoelewa katika filamu zote tatu za Corleone. Ukubwa wa mtu wa namna hii unalipwa na mnyonge wa kabila lake mwenyewe, aliye jirani yake.

Halafu wizi wa Lufthansa katika uwanja wa ndege wa Kennedy, Desemba 11, 1978. Dola milioni tano taslimu, na vito juu yake. Jimmy, anayeigizwa na Robert De Niro, anaona kugawana ni gharama kuliko kuua. Wa mwanzo kuondoka ni Stacks, mtu mweusi wa kundi, anayepigwa risasi nyumbani kwake na Tommy aliyekuja kama rafiki. Kosa lake ni kwamba hakuliharibu lile gari la wizi. Kisha wanafuata wengine, mmoja mmoja. Udugu wote ule wa kukumbatiana na kubusiana mashavu uliishia hapo.

Na ile karamu ya usiku! Tommy na wenzake wanapita kwa mama yake kuchukua koleo la kuchimbia. Mama anawapikia, anawaonesha mchoro wake wa mbwa, anamuuliza mwanawe lini ataoa. Mwigizaji wa mama huyo ni mama yake Scorsese mwenyewe. Ndani ya buti la gari, nje, kuna mtu wamemfungia, hajafa bado. Sisi tunaona pale pamesemwa juu ya familia na ujambazi zaidi ya yote yaliyosemwa kwenye ule ubatizo mashuhuri wa Michael, ambao ni mzuri mno, umepangwa mno, kinanda cha kanisa kinakutia ubaridi mpaka mauaji yanakuwa ibada. Mama Tommy hana kinanda. Ana sahani za chakula, na hajui, au anajua na hataki kujua.

Wanawake nao wasisahauliwe. Kay anafungiwa mlango usoni, filamu imekwisha. Karen, mke wa Henry, anapewa sauti asimulie mwenyewe, na anakiri kwamba siku mchumba wake alipompa bastola yenye damu aifiche, ilimsisimua. Ukweli huo ni mchungu, na huwa unasemwa jikoni tu.

Watu watatujibu kwamba vijana wanaipenda Goodfellas kwa suti na fedha, na kwamba ule mwendo wa kuingia Copacabana kupitia jikoni, dakika karibu tatu kamera haikatizwi, ni tangazo la ujambazi. Ni kweli utamu upo. Scorsese anakuonjesha kwanza ndipo akuletee hesabu, na hesabu inaletwa mezani kwako, huwezi kuitoroka. Wengine watakimbilia The Godfather ya pili, ya 1974. Hiyo ndiyo hoja yao nzito, na tunaiheshimu: mtoto Vito anafika Ellis Island mwaka 1901, karani anamwandika jina la kijiji chake likawa la ukoo (kati yetu wamo wenye majina yaliyozaliwa kwa kalamu ya karani wa uhamiaji, tunacheka lakini tunayabeba), na mwisho Michael amebaki peke yake, amekwisha kumuua ndugu yake Fredo. Lakini tazameni kijana Vito. Anamuua Fanucci aliyekuwa akiwatoza watu wa mtaa, na mtaa unapumua. Amekaa kwenye kiti cha mtozaji, na eti yeye hatozi, anawasaidia wajane wasifukuzwe na mwenye nyumba. Huo ni uongo, na ni uongo ule ule wa Colombo.

Tunalishikilia jambo hili kwa sababu tuna akina Corleone wadogo wadogo humu humu. Tunachanga kusafirisha maiti, tunachanga kwa msikiti, kwa kanisa, kwa wagonjwa wa nyumbani. Kisanduku anakishika mmoja kwa miaka, hesabu haisomwi, na kijana akiuliza anaambiwa hana adabu, huyu ni mzee wetu, aliwapokea watu uwanja wa ndege wewe hujazaliwa. Aliwapokea kweli. Hesabu bado haijasomwa.

Henry Hill alipofikia mwisho aliwataja wenzake wote mahakamani, akafichwa na serikali. Filamu haimpi toba. Analalamika tu kwamba huko alikofichwa, ukiagiza tambi zenye mchuzi wa nyanya, unaletewa tambi za mayai na kechapu. Mwenyewe alifariki mwaka 2012. Mwaka huo huo wa 1990 Coppola alitoa The Godfather ya tatu, zikashindania Oscar pamoja, na zote mbili zikashindwa na Dances with Wolves, jambo ambalo angalau pande zote za baraza zinaweza kulilaani kwa sauti moja.

Wanaotaka kutujibu, karibuni. Tunawaomba kimoja tu: waitazame tena The Godfather kabla hawajashika kalamu, na wakifika kwenye kile kikao cha meza ndefu, wasinyanyuke kwenda kuchukua chai.