Je, Filamu Ihukumiwe kwa Kitabu Chake?

Aghalabu filamu iliyotokana na maandishi inapohakikiwa, mhakiki hushika kitabu mkononi na kuhesabu yaliyoachwa. Kipimo hiki ni chepesi, lakini hakitoshi. Filamu ya Initial D, iliyoongozwa na Andrew Lau na Alan Mak wa Hong Kong mwaka wa 2005, inaudhihirisha upungufu wake.

Chimbuko la filamu hiyo ni manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, iliyotungwa na Shuichi Shigeno na kuchapishwa kwa mfululizo kuanzia 1995 hadi 2013. Mhusika mkuu, Takumi Fujiwara, ni mwanafunzi wa shule ya upili anayefanya kibarua katika kituo cha petroli. Usiku wa manane huamka kupeleka tofu, chakula laini cha soya kinachotengenezwa na babake, akipita njia ya mlimani kwa Toyota kuukuu aina ya AE86. Garini mna kikombe cha maji ambacho hakifai kumwagika, maana gari likitikisika ovyo tofu nayo itaharibika. Kwa kukilinda kikombe hicho, kijana anakuwa dereva hodari pasi na kujijua, hata anawashinda wenye magari yenye nguvu kuliko lake.

Wapo wanaoilaumu filamu kwa kumwacha Keisuke Takahashi, mmoja wa washindani wa kwanza wa Takumi. Lawama hii haina mashiko. Manga ina juzuu 48, ilhali filamu haifiki saa mbili. Tena ilipotolewa, Shigeno mwenyewe alikuwa bado anaendelea kutunga. Isitoshe, filamu ina uwezo ambao karatasi haina. Shigeno hulazimika kuandika mlio wa magurudumu na kuchora mistari ili kuashiria kasi. Katika filamu gari linaserereka kwenye kona, na mtazamaji anaona na kusikia.

Dosari ya filamu iko kwa Bunta, babake Takumi. Katika manga yeye ni mtu mkimya, mvutaji sigara, anayemfunza mwanawe bila kumwambia kuwa anafunzwa. Filamu inamsawiri kama mlevi wa kuchekesha, ijapokuwa inadokeza kwamba enzi zake alikuwa dereva wa kusifika. Anthony Wong aliigiza nafasi hiyo kwa ustadi hata akatuzwa kuwa Mwigizaji Msaidizi Bora katika Tuzo za Filamu za Hong Kong mwaka wa 2006. Hata hivyo, kicheko hicho kina gharama. Kikombe kilikuwa somo la mzazi mwenye subira. Kikitoka kwa mlevi, umahiri wa Takumi unakaribia kuwa bahati tu.

Suala hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Nchini Kenya vikundi vya maigizo huonyesha vitabu teule mbele ya wanafunzi wa shule za upili. Mwanafunzi anayezoezwa kuuliza tu ni ukurasa upi uliorukwa hujifunza kukagua, si kuhakiki. Afunzwe kuuliza iwapo badiliko limegusa tawi au mzizi. Keisuke ni tawi, na hadithi inasimama bila yeye. Bunta ni mzizi.