Mihuri ya Mvinyo wa Rasi: Nani Amekagua Nini?

Mvinyo wa Afrika Kusini umeenea katika maduka ya miji yetu, na hata katika mesi za maofisa na za masajini si mgeni tena siku ya dhifa. Shingoni mwa chupa nyingi za mvinyo huo umebandikwa ukanda mwembamba wa karatasi wenye namba na maneno ya uthibitisho. Muuzaji huuelekezea kidole na kutamba kwamba mvinyo wake ni wa uendelevu, yaani haukuharibu ardhi wala haukumdhulumu mtu. Hayo ni madai mawili, si moja, na ukanda huo ulibuniwa kuthibitisha lile la kwanza tu.

Huenda askari akauliza jambo hili lamhusu nini. Wengi wetu hatunywi mvinyo, ama kwa sababu ya dini ama kwa sababu ya mfuko. Hata hivyo, yafaa tukumbuke yaliyotokea katika jimbo la Rasi Magharibi mwishoni mwa mwaka 2012. Wafanyakazi wa mashamba ya zabibu katika mji wa De Doorns waligoma mwezi Novemba. Ujira wa chini kisheria ulikuwa randi 69 kwa siku, nao wakadai 150. Zabibu za De Doorns nyingi ni za kula mezani, lakini mgomo ulisambaa hadi kwenye miji ya mvinyo. Mashamba yalitiwa moto, barabara kuu ikafungwa, polisi wakapelekwa na risasi za mpira, na watu watatu wakapoteza maisha. Mwezi Machi 2013 ujira wa chini ulipandishwa hadi randi 105. Hivyo ndivyo mambo ya ujira na makazi, yasipokaguliwa mapema na mwenye kalamu, yanavyoishia mikononi mwa koplo mwenye ngao na kirungu.

Chimbuko la uhasama huo ni la kale. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa mwezi Februari 1659, katika siku za Jan van Riebeeck, na kwa karne moja na nusu na zaidi mizabibu ilitunzwa kwa kazi ya watumwa. Hata utumwa ulipofutwa, uliendelea mtindo ulioitwa dop, ambao mfanyakazi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa vikombe vya mvinyo, kuanzia asubuhi hadi jioni. Sheria iliukataza, lakini desturi haikufa siku ile ile. Madhara yake yangali yanaonekana: sehemu za mvinyo za Rasi Magharibi zimo miongoni mwa mahali duniani ambapo watoto wengi mno huzaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe waliyokunywa mama zao.

Sasa tuutazame ukanda wenyewe. Mwaka 1998 wakulima na watengenezaji wa mvinyo wa nchi hiyo walianzisha mpango wa hiari ujulikanao kwa kifupi kama IPW. Mpango huu hupima namna dawa za kuua wadudu zinavyotumiwa, maji yanavyotunzwa, maji machafu ya kiwandani yanavyosafishwa, na uoto wa asili unavyohifadhiwa. Si mambo madogo. Takriban mizabibu yote ya Afrika Kusini imo ndani ya eneo la mimea ya Rasi, mimea ambayo mingi yake haioti penginepo popote duniani. Na ukame ulioikaribisha Cape Town kwenye ukingo wa kukosa maji mwaka 2018 ulionyesha thamani ya kila ndoo. Kuanzia mavuno ya mwaka 2010, mvinyo uliotimiza masharti hayo toka shambani hadi kwenye chupa ukaruhusiwa kubandikwa ukanda wenye neno la uendelevu. Namba iliyomo si pambo: kwa namba hiyo chupa hufuatiliwa hadi ilikotoka, na mnunuzi aweza kuihakikisha kwenye intaneti.

Namna ya kukagua ni hii. Mwenye shamba hujaza mwenyewe fomu ya kujipima kila mwaka, kisha wakaguzi wa nje hupita kwa zamu. Ni mfano wa mtunza ghala anayejaza daftari lake, na mkaguzi wa makao makuu akaja baadaye. Utaratibu huo si mbaya, mradi mkaguzi aje kweli. Mwongozo unagusa usalama wa mpuliza dawa, lakini kiini chake ni ardhi na maji. Hausimamii ujira, nyumba, wala haki ya kujiunga na chama. Mwezi Agosti 2011, wakati kanda za kwanza zilipokuwa zikienea, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu mashamba ya matunda na mvinyo ya jimbo hilo. Ilieleza habari za wafanyakazi wanaoguswa na dawa bila kinga, nyumba zisizofaa kukaliwa, watu kufukuzwa kwenye makazi, na vyama vya wafanyakazi kuzuiwa.

Kwa upande wa binadamu kuna alama nyingine. Chombo kiitwacho WIETA kiliundwa mwaka 2002, na ndani yake waajiri, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia huketi meza moja. Mwaka 2012 kilitoa muhuri wake cha kuthibitisha kazi ya haki. Ipo pia alama ya Fairtrade, inayodai bei ya chini isiyopunguzwa na nyongeza ya fedha ambayo wafanyakazi wenyewe huamua matumizi yake. Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa mvinyo wa alama hiyo.

Alama hizi nazo zimetiliwa shaka. Filamu ya Kidenmark ya mwaka 2016, Bitter Grapes, ilionyesha hali duni mashambani na kuhoji kama vyeti vinatosha. Wanunuzi wakubwa wa Skandinavia wakalazimika kuchunguza upya mashamba wanayonunua kwayo. Kila aliyepata kupaka chokaa mawe ya kambi usiku wa kuamkia ziara ya jenerali anafahamu udhaifu wa ukaguzi uliotangazwa. Kwa maoni yetu, muhuri ambao chama cha wafanyakazi kina kiti katika kuutoa una nguvu kuliko ule unaotolewa na wenye mali peke yao, kwa kuwa mfanyakazi hubaki shambani baada ya mkaguzi kuondoka.

Kuhusu neno la kilimo hai, tutasema machache. Linahusu dawa na mbolea. Chini ya kanuni za Ulaya, mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai hauruhusiwi kupita miligramu 100 za salfaiti kwa lita, badala ya 150 za kawaida. Lakini shaba bado inaruhusiwa kupulizwa kwenye mizabibu, kwa kipimo. Ujira haumo.

Basi ofisa anayenunua kwa ajili ya mesi na autazame kwanza ukanda wa shingoni, aone kama unataja uendelevu, maana upo pia ukanda usiotaja hilo, unaothibitisha asili, mwaka na aina ya zabibu tu. Kisha aigeuze chupa atafute alama ya WIETA au ya Fairtrade. Akiikosa, amwombe muuzaji jina la shamba na tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa masharti ya kazi, kwa maandishi, kama anavyodai hati ya mapokezi kwa kila gunia la unga.