Mwacheni Mtoto Afungwe Mabao Manne

Tarehe 12 Oktoba 2022, huko Goa nchini India, mabinti wa Tanzania wasiozidi miaka 17, Serengeti Girls, waliingia uwanjani kucheza mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia. Wakafungwa na Japani mabao 4-0. Siku tatu baadaye wakakutana na Ufaransa, na wengi wetu huku nyumbani tulikuwa tumeshaanza kuhesabu idadi ya mabao watakayorudi nayo. Wakashinda 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, na huko wakatolewa na Colombia kwa mabao matatu.

Ufaransa iliandikwa sana magazetini, na ilistahili. Mimi zilizonikaa moyoni ni zile siku tatu baina ya mechi ya kwanza na ya pili. Mtoto wa miaka kumi na sita amefungwa manne mbele ya kamera za dunia nzima, ugenini, bila mama wala shangazi wa kumlilia. Anakula, analala, anaamka, anafunga kamba za viatu na kurudi kule kule alikoaibishwa. Moyo wa namna hiyo hapewi mtu hotelini usiku wa kuamkia mechi. Wala hotuba ya kiongozi haiuleti, hata ikisomwa kwa sauti nzuri namna gani. Aliyekuja nao India alikwisha kuupata zamani, kwenye uwanja wa vumbi, alipofungwa na watoto wa mtaa wa pili, akarudi nyumbani akala ugali wake, na kesho yake jioni akatoka tena.

Hoja yangu naitoa mapema ili asiyeipenda aanze kujiandaa kuibishia. Mtoto hujiamini baada ya kushindwa mara nyingi hadharani, kwa kiasi anachoweza kukibeba, na kuona kwamba hakufa. Michezo ya utotoni ndiyo mahali rahisi na salama kuliko pote pa kujifunzia jambo hilo. Nasi watu wazima, kwa mapenzi au kwa uzembe, tunampunguzia mtoto nafasi hiyo mwaka hadi mwaka.

Tazameni tunavyolea. Mtoto wa chekechea anavishwa joho na kofia ya mhitimu, anapigwa picha, anakatiwa keki. Sina ugomvi na keki. Lakini mtoto yule yule akifika darasa la tatu na kuitwa mbele asome ubaoni, anajificha mgongoni mwa mwenzake, na mama anashangaa: mbona nyumbani namsifu kila siku? Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliandika mwaka 1977 juu ya namna mtu anavyopata imani kwamba jambo fulani analiweza. Alitaja vyanzo vinne, na chenye nguvu kuliko vyote ni kule kulifanya jambo lenyewe kwa mkono wako mpaka likawezekana. Kumwona mwenzako wa rika lako akiliweza nako kunasaidia. Mwili nao una neno lake, maana moyo ukienda mbio mtu hujiuliza kama ni woga au ni utayari. Maneno ya kutiwa moyo yamo pia, ila ni dhaifu, na yakikutana na kushindwa kwa kweli hayadumu. Wazazi wengi tumekamata hicho kilicho dhaifu kwa sababu ndicho cha bei nafuu.

Nendeni Jumamosi moja kwenye shule yoyote ya msingi yenye nguzo mbili za mpira wa pete. Mtafuteni mfungaji, yule mwenye herufi GS kifuani. Mpira ukishatua mikononi mwake ana sekunde tatu tu. Mlinzi amesimama mbele yake kiasi cha hatua moja, mikono juu. Kanuni inamkataza kusogea zaidi ya hapo, lakini haimkatazi kumkodolea macho. Pete iko mita tatu na ushei kutoka ardhini na binti mwenyewe ana miaka kumi na mmoja. Hawezi kukimbia na mpira, hawezi kujificha nyuma ya mtu. Wavulana wa darasa la saba wamekaa juu ya ukuta wakingoja cha kucheka. Anarusha, mpira unagonga chuma, unatoka. Wanacheka. Dakika moja baadaye mpira unarudi kwake, kwa sababu yeye ndiye mfungaji na wenzake lazima wampe. Anarusha tena.

Msimu ukiisha hatakumbuka alikosa mara ngapi. Atakachobaki nacho ni mazoea ya kusimama macho ya watu yakiwa juu yake, tumbo likimsokota, na mikono bado ikafanya kazi yake. Siku atakapoulizwa swali na jopo la waajiri, tumbo litamsokota vilevile, ila halitakuwa jambo geni kwake. Sisemi kila mcheza mpira wa pete atakuwa msemaji hodari. Nawajua wachezaji wakali ambao ukiwapa kipaza sauti wanatafuta mlango. Ujasiri wa uwanjani hauhamii penginepo wenyewe; mtoto huhitaji mkubwa wa kumwonyesha uhusiano: mwanangu, penalti ile uliyokosa na mtihani huu uliofeli ni jambo moja, na ile ya kwanza ulishaivuka.

Wala msidhani hadi pawe na nguzo na jezi. Rede ya uani inatosha. Msichana yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira wa soksi unaorushwa kutoka pande mbili, na wenzake waliotoka wanamhesabia. Chandimu ya wavulana nayo ina elimu yake. Pale hakuna refa. Wanagawana timu wenyewe, wanabishana wenyewe kama mpira umeingia au umepita juu ya mwamba ambao haupo, na kabla ya adhana ya magharibi wamekwisha kupatana. Mtoto aliyewahi kutetea bao lake mbele ya wenzake tisa wanaopiga kelele, akasikilizwa au akakubali yaishe, amejifunza kitu ambacho wengine wanakitafuta ukubwani kwa semina.

Sasa niwaendee makocha, walimu wa michezo, na akina baba wanaosimama pembeni ya mstari wakijifanya makocha. Kule Seattle, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington walitumia miaka mingi kuwachunguza makocha wa besiboli ya watoto. Baadhi ya makocha walipewa mafunzo mafupi tu: sifia juhudi, mtoto akikosea mwelekeze hapo hapo, acha kufoka. Katika utafiti uliotolewa mwaka 1992, kwa makocha ambao hawakufunzwa, watoto 26 katika kila 100 hawakurudi msimu uliofuata. Kwa waliofunzwa, hawakurudi 5. Kushinda au kushindwa kwa timu hakukuwa sababu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wao ulionyesha pia kwamba waliofaidika zaidi na kocha mwema ni wale watoto walioanza msimu wakijiona si kitu. Hao ndio hasa tunaowazungumzia.

Linganisheni na viwanja vyetu. Kipa mdogo ameruhusu bao la kizembe, mpira umempita katikati ya miguu. Kocha anapaza sauti uwanja mzima usikie: “Toka! Toka nje, umekuja kutuchekesha?” Kwa kuwa jezi hazitoshi, mtoto anaivua pale pale mstarini, anamkabidhi anayeingia, anabaki kifua wazi mbele ya watu. Kosa la mpira angelisahau kabla ya Jumatatu. Kuvuliwa jezi hatakusahau. Nimesema mtoto aachwe afungwe, sikusema adhalilishwe. Bao humwambia kwamba leo hukuweza. Yule kocha amemwambia kwamba yeye si wa kuweza, na maneno ya mtu mzima mtoto huyachukua kama hukumu.

Lipo na jingine ambalo watu wa michezo ya shule wanalijua na wanalinyamazia: vijeba na mamluki. UMITASHUMTA ni michezo ya watoto wa shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari. Mwalimu anayetaka kombe anaingiza kijana mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi, au anaazima mchezaji ambaye hajawahi hata kukaa kwenye dawati la shule hiyo. Kombe linapatikana, linawekwa juu ya kabati la mwalimu mkuu. Lakini kuna mtoto halali aliyefanya mazoezi tangu Januari, akaambiwa abaki nyumbani kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na mjomba wa mtu. Huyo amefundishwa na shule yake mwenyewe kwamba juhudi zake hazina thamani. Tena hata yule kijeba hajasaidiwa, kwani ushindi wake anajua ni wa uongo. Mwalimu anayefanya hivyo asituambie kwamba anakuza vipaji.

Majirani zetu wa Nairobi wametuonyesha njia nyingine. Mwaka 1987 katika vitongoji vya Mathare ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana, MYSA, na huko waliamua kwamba timu ikitoka kuzoa taka na kuzibua mifereji ya mtaa wake inapewa pointi kwenye msimamo wa ligi, pamoja na zile za kushinda mechi. Vijana wenyewe ndio wanaokuwa makocha, waamuzi na wajumbe wa kamati, na huduma yao inahesabiwa katika kugawa misaada ya karo. Fikirini mtoto asiye na kasi wala chenga, ambaye kwetu angekalia benchi mpaka benchi limzoee. Mathare huyo anashika koleo Jumamosi asubuhi na Jumapili anaiona timu yake imepanda kwa jasho lake. Anajua yumo. Kumbe si lazima kila mtoto awe mfungaji. Lazima kila mtoto awe na sehemu ambayo asipoitimiza wenzake watapungukiwa.

Kwa wasichana mambo ni magumu zaidi. Binti hucheza mpaka darasa la tano au la sita, kisha ghafla umekua, huwezi kurukaruka mbele za watu, ndoo iko wapi, mdogo wako nani anamwangalia. Kaka yake wa mwaka mmoja nyuma anaendelea kucheza mpaka giza. Binti anaondolewa uwanjani wakati ule ule mwili wake unapobadilika na kumtia haya, yaani alipohitaji zaidi kuuona ukifanya kazi na kumtii. Wanaohofia sitara nawaheshimu, na nawajibu kwamba sitara na michezo vinakaa pamoja: tangu mwaka 2014 kanuni za soka duniani zimeruhusu rasmi kucheza na kilemba au hijabu. Shoneni suruali ndefu, wekeni kocha mwanamke, chagueni saa ya heshima. Ila msimwondoe.

Atasema mmoja: mpira haulipi ada, na wanaofika alikofika Mbwana Samatta ni wangapi? Ni kweli. Samatta ametoka Mbagala, akapita Simba na TP Mazembe, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na waliocheza naye mchangani utotoni wengi wao leo ni mafundi, madereva na wauza duka. Mimi nawazungumzia hao. Mzazi anayempeleka mwanawe uwanjani ili aje kumjengea ghorofa amempa mzigo wa mtu mzima, na mtoto aliyebeba ghorofa la baba begani kila akipiga shuti hawezi kucheza. Acheni acheze tu.

Wengine wanasema hakuna muda, kuna twisheni. Twisheni ya Jumamosi na Jumapili, na jioni za katikati ya wiki, mpaka mtoto wa miaka tisa ana ratiba kama ya waziri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu, chanjo na elimu, kuwa ni haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Aliyemnyima mwanawe chakula tunamwita mkatili. Aliyemnyima mchezo tunamsifu kuwa anajali masomo. Na serikali nayo isijifiche nyuma ya wazazi: michezo ya shule iliwahi kusimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikarudishwa baadaye, na hadi leo kiwanja cha shule ndicho cha kwanza kutazamwa panapotafutwa eneo la fremu za biashara.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, shule ikiita kikao, na ajenda ikawa ile ile ya mitihani, chakula na michango, nyosheni mikono. Ulizeni ratiba ya michezo imebandikwa wapi, maana iliyo mdomoni hatuihesabu. Ulizeni wasichana wanacheza siku gani na nani anawafundisha. Ulizeni mtoto wako aliingia lini uwanjani kwa mara ya mwisho, kuingia kwenyewe, si kushika chupa za maji. Ulizeni shule ina mipira mingapi na ufunguo wa kabati anao nani. Mkijibiwa kwamba mipira ipo lakini imefungiwa ofisini isije ikachakaa, ombeni ufunguo uletwe hapo hapo, kabati lifunguliwe kabla kikao hakijafungwa kwa sala.