TUSITEGEMEE NYASI YA AINA MOJA

Mfanyakazi anayenunua maziwa ya watoto wake alfajiri hana haja ya kuuliza ng'ombe amekula nini. Hata hivyo bei anayolipa, na kama maziwa yatapatikana au hayatapatikana, ni mambo yanayoamuliwa kwanza malishoni. Nyasi zikikauka kwa ukosefu wa mvua kila mtu huona na kila mtu husema. Lakini nyasi zikikaushwa na mdudu, wengi husingizia jua, au husema ardhi imechoka. Adui asiyejulikana hapigwi. Kwa hiyo leo twapenda kumzungumzia adui huyo wa malisho, na hasa ile ngao ambayo nyasi zenyewe zimezaliwa nayo.

Mkulima yeyote aliyepata kuvamiwa na viwavijeshi wa asili wa Afrika analijua jambo moja. Jeshi lile huteketeza mahindi, mtama, mpunga na nyasi za malisho, kisha huyaacha maharage yakiwa yamesimama mstari wa pili. Si kwamba viwavi wale wana huruma. Wao ni walaji wa mimea ya jamii ya nyasi, na maharage si chakula chao. Hili ndilo fundisho la kwanza: kila mdudu ana mmea unaomlea, na mmea huo ndio unaoamua kama atashiba na kuzaliana, au atadhoofika na kufa. Hata katika nyasi zenyewe ziko zinazomlea mdudu kama mama, na ziko zinazomwua akiwa mchanga.

Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili hauko hapa kwetu bali Brazil, ingawa nyasi zilizouleta zilitoka kwetu Afrika. Mwaka 1930 mbegu ya nyasi iitwayo brakiaria ilichukuliwa kutoka Uganda ikapelekwa Australia. Huko ilipewa jina la Basilisk, na baadaye ikafika Brazil. Katika miaka ya 1970 wafugaji wa Brazil waliipanda kwa wingi mno katika mbuga kubwa ya Cerrado, kwa sababu ilistahimili udongo wenye chumvichumvi kidogo na uchachu mwingi, ambao nyasi nyingine ziliushindwa. Watu wakafurahi, na mifugo ikaongezeka.

Furaha hiyo haikudumu. Katika nchi ile walikuwako wadudu wadogo wa kufyonza, ambao watoto wao hukaa chini kwenye shina wakiwa wamejifunika povu jeupe mfano wa mate. Watoto hao hunyonya maji ya mmea karibu na mizizi. Wakikomaa hutoka katika povu, hupanda juu na kuyafyonza majani, na mate yao yana sumu inayoyafanya majani yawe ya manjano, kisha yakauke kana kwamba yamepitiwa na moto. Wadudu hao walikuwa wenyeji wa Amerika. Nyasi ilikuwa mgeni. Walipokutana nayo, mbuga kwa mbuga, waliikuta laini na tele, nao wakazaliana kupita kiasi.

Wako waliodhani dawa ya kunyunyizia ingemaliza kazi. Lakini ni nani awezaye kunyunyizia sumu mbuga nzima, mwaka baada ya mwaka, na bado akapata faida kwa ng'ombe wake? Tena ni nani angependa sumu hiyo ifike katika maziwa na nyama? Wataalamu walifuata njia nyingine. Walitafuta nyasi ambayo mdudu huyo hawezi kuishi juu yake.

Nyasi hiyo nayo ilitoka Afrika, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, EMBRAPA, liliitoa kwa wafugaji mwaka 1984 kwa jina la Marandu. Katika nyasi hii watoto wengi wa mdudu wa povu hufa kabla ya kukomaa, na wale wanaosalia huchelewa kukua. Mfugaji hakuhitaji pampu wala dawa. Mmea wenyewe ulifanya kazi ya askari, usiku na mchana, bila mshahara. Haikuchukua muda Marandu ikaenea juu ya makumi ya mamilioni ya hekta.

Kosa lilianzia hapo. Nyingi katika nyasi hizi hutoa mbegu bila kuchanganya damu ya dume na jike, kwa hiyo kila mche ni sura ya mama yake. Mbuga ya mamilioni ya hekta ilikuwa, kwa kweli, mmea mmoja uliorudiwa mara zisizo na hesabu. Adui akipata njia ya kuushinda mche mmoja, ameishinda mbuga yote. Na adui alipatikana. Mdudu mwingine wa jamii ile ile ya povu, aliyejulikana zaidi kwa kushambulia miwa, aliiweza Marandu. Isitoshe, katika sehemu za kaskazini mwa Brazil ambako maji hutuama, kuanzia miaka ya 1990 Marandu ilianza kufa eneo kwa eneo kwa sababu haivumilii udongo uliojaa maji. Ngao iliyomzuia mdudu mmoja haikuzuia kila mdudu, wala haikuzuia kila balaa.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Wabrazil peke yao. Magharibi mwa Kenya na katika Uganda, wafugaji wadogo wengi wa ng'ombe wa maziwa walitegemea majani ya tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo. Ukaja ugonjwa wa kudumaa, unaoenezwa na mdudu mdogo arukaye kutoka jani hadi jani. Majani yakawa mafupi na ya manjano, na shina lililokuwa likilisha ng'ombe likawa halifai kitu. Aliyekuwa na majani ya aina moja tu alibaki akitafuta lishe ya kununua. Aliyekuwa na aina mbili au tatu alipata pa kushika.

Wakati huo huo, ni majani hayo hayo ya tembo yaliyotuonyesha jinsi mmea uwezavyo kugeuzwa mtego. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, pamoja na washirika wake, ilitengeneza njia inayoitwa sukuma-vuta. Majani ya tembo hupandwa kuzunguka shamba la mahindi. Nondo wa funza wa mabua huvutwa na harufu yake, akataga mayai huko. Lakini watoto wake wakitoboa shina hunaswa na utomvu, na wachache tu huishi. Katikati ya mahindi hupandwa desmodi, ambayo harufu yake humfukuza nondo na mizizi yake huzuia kiduha. Ng'ombe hula vyote viwili, majani ya tembo na desmodi. Baadaye brakiaria nayo iliingizwa katika njia hii kwa ajili ya sehemu zenye ukame.

Ndiyo kusema brakiaria imerudi nyumbani. Lakini imerudi vipi? Katika mwaka 1984 na 1985 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha CIAT, chenye makao yake Kolombia, wakishirikiana na wenzao, walikusanya mamia ya mbegu na miche ya brakiaria katika Ethiopia, Kenya, Rwanda, Burundi, Tanzania na Zimbabwe. Nyasi moja iliyookotwa Burundi ilitolewa kwa wafugaji wa Brazil mwaka 2003 kwa jina la Xaraés. Mwaka 2005 ilitolewa nyasi chotara iitwayo Mulato II, yenye damu ya brakiaria za aina tatu, zote za asili ya Afrika, na yenye nguvu dhidi ya wadudu wa povu. Leo mfugaji wa Afrika Mashariki akitaka mbegu ya Mulato II huinunua dukani, nayo si rahisi.

Hatusemi kwamba wataalamu waliiba. Kazi yao imeufaa ulimwengu, na wakati ule mkataba wa kimataifa wa viumbe hai wa mwaka 1992 ulikuwa haujaandikwa. Lakini wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliikanyaga mali hii kila siku tusiiandike. Na hata sasa tunapoipokea, inatupasa kuwa macho, kwa maana Mulato II ilichaguliwa kwa ajili ya maadui wa Amerika. Hapa kwetu imekutana na wengine: utitiri mwekundu na nzi wa mtama wameonekana wakiishambulia. Mbegu ya kusifiwa ng'ambo yapaswa kupimwa hapa kabla ya kutangazwa kuwa mkombozi.

Basi hatuna budi kufanya mambo matatu. La kwanza ni la mfugaji mwenyewe na chama chake cha ushirika: asipande nyasi ya aina moja shamba zima. Aweke aina mbili au tatu, na mkunde mmoja kama desmodi katikati yake, na akiona nyasi za manjano asikimbilie kulaumu jua. Ainame, afunue shina, atazame. La pili ni la vituo vyetu vya utafiti wa mifugo, Mpwapwa, Tanga na kwingineko: vipewe fedha na watu wa kuzipima nyasi zetu za asili dhidi ya wadudu wetu, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mfugaji anakisoma. La tatu ni letu sote: mbuga za asili zinazolimwa na kuchomwa moto bila mpango ni ghala la mbegu. Ngao ya kesho, dhidi ya mdudu ambaye hatujamjua bado, huenda imesimama leo kando ya barabara, na hakuna aliyeipa jina.

Brazil ilijifunza somo hili kwa hasara ya mbuga kubwa. Sisi tunaweza kujifunza kwa gharama ya kuinama na kutazama. Mfugaji akifanya hivyo, na mtafiti akimsaidia, mfanyakazi ataendelea kupata maziwa ya watoto wake, hata kama hatajua kamwe ni nyasi gani iliyoyaleta.