Mtoto ni wa Baba Tu?

Binti yangu alipofikisha miaka 18 tulipanga foleni kuomba kitambulisho. Karani akajaza jina, akajaza mahali pa kuzaliwa, kisha kalamu ikasimama.

"Kabila?"

Binti akanigeukia. Babake ni Mkamba wa hapa Kivaa. Mimi ni Mmbeere, kwetu ni ng'ambo ya Tana. Muthokoi anaoupenda nilifundishwa kuupika na mama mkwe. Nyanyake wa ng'ambo humpigia simu wakaongea Kimbeere hadi salio liishe.

"Mkamba," karani akajijibu. "Mtoto ni wa baba."

Nilinyamaza. Jua lilikuwa kali, na nyuma yetu watu walishaanza kunung'unika.

Baada ya miaka 20 hapa bado naitwa "yule wa ng'ambo", hata kwenye chama ninachokiwekea hazina. Nikienda kwetu kuvuna ndengu, naambiwa Mkamba amekuja. Utani huo naumudu. Nisioumudu ni ule wa serikali, kwa sababu huo huandikwa. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inataka kabila au asili ya mtu iingizwe kwenye daftari. Nasema takwa hilo lifutwe.

Wamakonde wa Kwale wanaujua uzito wa jambo hili kuliko mimi. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kenya, wakazeeka bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kwenda Ikulu, Nairobi, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Pwani wakangoja hadi 2023. Niliwafurahia, nisidanganye: bila kuingia kwenye orodha ya makabila wangekuwa bado kizani. Lakini mtu aliyezaliwa Kwale ahitaji nambari ya kabila ndipo awe Mkenya?

Katiba ya 2010, ibara ya 14, haiulizi kabila. Inasema mtoto ni raia wa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia. Mama au baba. Yule karani ana nakala yake, nafikiri.

Kitambulisho kilipotoka nilikigeuza mbele na nyuma nikitafuta lile neno. Halikuwapo. Limebaki kwenye daftari, na humo binti yangu ana mzazi mmoja.