Mashine ya Majani Haitaki Petroli Kali, Inataka Petroli Mpya

Mashine ya kukatia majani ikigoma kuwaka, ushauri wa kwanza utakaoupata karibu mji wowote wa kwetu ni kubadilisha mafuta: hayo uliyoweka ni dhaifu, kanunue yale makali, ya bei ya juu. Ushauri wa pili hutolewa kwa uhakika uleule: yaliyobaki kwenye dumu tangu mvua zilizopita yatumie tu, petroli haiozi. Nimeusikia kwa walinzi wa shule, kwa wazee wa kanisa wanaotunza viwanja, hata kwa mafundi ninaowaheshimu. Wote wanasema kwa nia njema. Lakini mambo yote mawili si kweli, na hilo la pili ndilo linalozipeleka mashine nyingi kwa fundi bila sababu.

Tuanze na huo ukali. Namba ya oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya petroli. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kushindiliwa ndani ya silinda bila kujilipukia yenyewe kabla ya cheche ya plagi. Injini nyingi za magari ya kisasa hushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli mara 10 hadi 12, na zikipewa oktani ndogo kuliko zinavyotaka, hugonga. Injini ya mashine ya majani hushindilia mara 8 hivi. Zile za zamani, zenye valvu pembeni ya silinda, mara 6 tu. Kwa msukumo mdogo hivyo, petroli ya kawaida haina haraka ya kulipuka. Briggs & Stratton, kampuni ya Marekani ambayo injini zake zimefungwa kwenye mashine hizi kwa miongo mingi, inaandika katika vitabu vyake vya maelekezo kwamba oktani 87 inatosha. Hicho ni kipimo cha Marekani, wastani wa vipimo viwili. Kwa kipimo cha RON tunachotumia Afrika Mashariki, ni kama 91. Petroli ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa inafika hapo. Cha zaidi unachokilipia ni kinga ambayo injini hiyo haina mahali pa kuitumia.

Najua watakaosema kwamba mafuta ya bei ya juu yana dawa ya kusafisha njia za mafuta. Mengine yanayo kweli, na dawa hiyo ina kazi yake kwenye injini inayozunguka kila siku. Mashine ya majani haizunguki kila siku, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Fikiria mwaka wa mashine hii huku pwani. Masika yakianza Machi, nyasi zinaota kwa fujo na mashine inatoka kila wiki. Kufika Juni nyasi zimedumaa. Mashine inasukumwa stoo ikiwa na petroli tangini, na dumu linawekwa kando yake. Inakumbukwa tena vuli inapoanza, Oktoba au Novemba. Ni miezi minne au mitano chini ya bati la moto.

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowaka injini ikiwa baridi, na ndivyo vinavyotangulia kuruka, maana kifuniko cha tangi kimeachiwa tundu la kupitisha hewa. Vinavyobaki hukutana na oksijeni na taratibu hugeuka gundi. Watengenezaji wa injini ndogo kwa kawaida huipa petroli siku 30 tu kabla ya kuanza kuitilia shaka, na joto letu haliongezi siku hizo.

Asiyeamini afungue bakuli la kabureta la mashine iliyolala tangu masika. Kwenye mashine nyingi za Kichina ni bolti moja tu, spana namba 10. Petroli mpya ni nyepesi, inang'aa, na tone lake hukauka kiganjani upesi. Atakachokikuta humo kimeiva rangi ya chai, kinanuka rangi ya mafuta iliyochacha, na chini ya bakuli umetanda utando wa kahawia unaonata kwenye kidole. Sasa aangalie jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu lisilofika hata milimita 1. Utando huohuo umejibana mle. Hapo jaza tangi mafuta ya bei yoyote uitakayo na uvute kamba mpaka bega liume. Petroli haina pa kupita.

Na hapo ndipo gharama inapoanza. Fundi mwenye haraka huchokoa jeti kwa waya. Shaba ni laini, tundu linakwaruzika na kupanuka, na tangu siku hiyo mashine inakunywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Kazi hiyo inataka dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa, basi. Mtu akishika waya mbele yako, mzuie.

Siku hizi lawama nyingine inatoka kwenye video za Marekani: ethanoli. Kwao ina msingi, kwa sababu petroli yao nyingi ina ethanoli asilimia 10, nayo Uingereza iliifanya petroli ya namna hiyo kuwa ya kawaida Septemba 2021. Ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na maji yakizidi hutengana na petroli na kutuama chini ya tangi. Ndugu zetu wanaokata nyasi huko wana haki ya kuihofia. Lakini petroli tunayonunua vituoni kwetu kwa kawaida haina ethanoli, na kabureta zetu zinaziba vilevile. Anayelaumu ethanoli Tanga au Malindi analaumu kisichokuwamo, huku akiuacha umri wa petroli ambao uko mbele ya macho yake.

Mchanganyiko wa kuogopa huku kwetu ni mafuta ya taa. Uchakachuaji ulifikia mahali ambapo mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambua, kwenye mafuta, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuyachanganya iishe. Kenya nayo mwaka 2018 iliyatoza shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, hayaungui yote, na yale yasiyoungua hupenya kando ya pistoni na kuifanya oili iwe nyepesi. Kwa hiyo nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, ambako tangi la chini linajazwa mara kwa mara. Petroli ya chupa za maji zinazopangwa juani kando ya barabara imeshapoteza ubora wake kabla hujailipia, hata kama haikuchanganywa na chochote.

Kuhusu oili, kama mashine yako ina tundu lake la oili, kama zilivyo nyingi, usichanganye oili kwenye petroli. Hiyo ni ya mashine za kufyekea za begani.

Kuna hoja moja inayonipinga ambayo ina uzito: kwamba tangi likiachwa tupu hupata kutu, afadhali lijazwe pomoni. Kwa tangi la chuma ni kweli. Lakini matangi ya mashine nyingi za sasa ni ya plastiki, na tangi lililojaa linahitaji dawa ya kuhifadhi petroli iliyotiwa petroli ikiwa bado mpya. Haiifufui iliyokwisha haribika. Madukani kwetu dawa hiyo ni ya kutafuta. Kulikausha ndiyo njia ya uhakika tuliyo nayo.

Basi nawaomba wakuu wa shule, wahasibu wa parokia na wenye nyumba: pesa mnayoongeza kwa petroli kali itoeni kwenye bajeti. Nunueni ya kawaida, ya kutosha wiki tatu nne, kwenye dumu la petroli lenye kifuniko kinachobana, na muandike tarehe juu yake kwa wino usiofutika. Dumu likae kivulini, nje ya nyumba, mbali na jiko. Ikibaki kabla ya mwezi kuisha, na haina oili ndani, mpeni mwenye pikipiki aichanganye na yake. Siku ileile itakuwa imekwisha. Na masika yakiisha, mwageni petroli ya tangini ndani ya dumu, washeni mashine mara ya mwisho na kuiacha ikinguruma mpaka izime yenyewe, kisha mlegeze bolti ya bakuli, mkinge matone yaliyobaki. Kazi yote haifiki nusu saa.